Elektrodi za nikeli-shaba

Elektrodi za nikeli-shaba ni fito zinazotumika kuchomelea aloi za nikeli na shaba kwa umeme. Aloi mashuhuri ya kundi hili ni Monel 400, ambayo takriban theluthi mbili ni nikeli na karibu theluthi moja ni shaba. Hustahimili maji ya bahari yanayotembea, kwa hiyo hutumika katika pampu, vali na vyombo vya majini.

Kuchagua

Karakana za bara, kama za Bagara mjini Babati, hutengeneza zaidi mageti na madirisha ya chuma cha kawaida, na kwa kazi hiyo fito za E6013 hutosha. Fito hizo hazifai kwa Monel. Shaba ya aloi huchanganyika na chuma kilichoyeyuka, na mshono unaweza kupasuka unapopoa. Hata usipopasuka, hushika kutu.

Elektrodi inayofaa ni ENiCu-7 ya kiwango cha Marekani AWS A5.11. Herufi E ni elektrodi. Ni na Cu ni alama za nikeli na shaba. Titani iliyomo hufunga gesi zisiache matundu, na manganisi hupunguza nyufa. Hufaa pia kuunganisha Monel na chuma cha kawaida. Kupronikeli, yenye shaba nyingi kuliko nikeli, huchomelewa kwa ECuNi.

Monel hufanana kwa macho na chuma kisichoshika kutu. Hivyo fundi husoma kwanza alama au hati ya metali.

Kutumia

* Rangi, grisi na mafuta huondolewa kabisa, kwa sababu sulfuri, risasi na fosforasi husababisha nyufa wakati wa joto.
* Fito huwa kavu. Zilizopata unyevu hukaushwa katika tanuri kwa maelekezo ya mtengenezaji.
* Hutumika mkondo wa DC, elektrodi ikiwa upande chanya, na ncha yake ikikaribia kazi.
* Metali iliyoyeyuka ni nzito na haipenyi sana, kwa hiyo mfereji wa maungio hupanuliwa kuliko wa chuma.
* Kabla ya kuongeza tabaka jingine, slagi huondolewa na mshono huachwa upoe chini ya sentigredi 150.

Usalama

Misombo ya nikeli husababisha saratani. Kazi hufanyika penye hewa ya kutosha, moshi ukivutwa mbali na pua ya fundi. Kioo cha kukinga macho pekee hakitoshi.