Fundi aliyeizamisha meli yake kwa uangalifu

Tarehe 26 Julai 1916, kusini kidogo ya Kigoma, fundi Mjerumani Anton Rüter na wenzake wawili walikuwa katika kazi ambayo mjenzi wa meli haombi imfike. Walikuwa wameamriwa kuizamisha Graf von Goetzen, meli kubwa kuliko zote zilizokuwa Ziwa Tanganyika, ambayo wao wenyewe waliiunganisha ufukweni mwa ziwa hilo na kuishusha majini mwaka mmoja na nusu tu nyuma. Vilikuwa Vita Vikuu vya Kwanza: majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yanasogea, na amri ilikuwa kwamba meli isiangukie mikononi mwa adui.

Wakazipaka mashine zake grisi. Si kwa kulamba juu juu, bali tabaka nene lililofunika chuma chote kilichoweza kushika kutu. Kisha wakaijaza meli mchanga, wakaishusha chini ya ziwa taratibu. Hawakutumia baruti. Mtu anayeharibu kitu hapotezi siku kukipaka mafuta, na ukweli ni kwamba mafundi wale walikuwa wamekubaliana kimya kimya kwamba meli ile siku moja iibuliwe.

Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt walikuwa waajiriwa wa Meyer, kiwanda cha meli cha Papenburg, mji mdogo wa kaskazini magharibi mwa Ujerumani, jirani na mpaka wa Uholanzi. Ukiutazama mji huo unaweza kuapa kwamba umeshavuka mpaka. Mifereji inapita katikati ya mitaa na madaraja madogo yanaunganisha upande huu na ule. Si ajabu: ulianzishwa mwaka 1631 na Dietrich von Velen kwa kuiga ujuzi wa Waholanzi, ambao walikuwa wamekwisha kujua jinsi ya kuikausha ardhi ya kinamasi kwa mifereji, kuchimba udongo wake unaowaka kama kuni, na kuusafirisha kwa mashua hadi mijini. Na penye mashua nyingi lazima pawe na waundaji wake.

Kwa karne kadhaa Uholanzi ndiyo iliyokuwa chuo cha ufundi huo barani Ulaya. Cornelis Corneliszoon wa Uitgeest alibuni kinu cha upepo cha kupasulia mbao mwishoni mwa karne ya 16, na kazi iliyokuwa ikiwamaliza wapasuaji kwa siku nyingi ikaanza kufanywa na upepo. Mwaka 1697 Mfalme Peter wa Urusi mwenyewe alifunga safari hadi Zaandam na Amsterdam akashika shoka kiwandani, ili ajifunze namna meli zinavyoundwa. Willm Rolf Meyer alifungua kiwanda chake Papenburg mwaka 1795, enzi za mbao, na palikuwa na washindani wengi pembeni mwa mifereji ile. Mjukuu wake, Joseph Lambert Meyer, akahamia kwenye chuma mwaka 1872. Washindani walioendelea kung'ang'ania mbao wote wametoweka. Meyer bado ipo.

Kwa hiyo serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilipotaka meli ya Ziwa Tanganyika, kiwanda kilichopewa kazi kilikuwa na uzoefu wa zaidi ya karne moja. Tatizo halikuwa kuijenga. Tatizo lilikuwa kuifikisha.

Ziwa Tanganyika halina njia ya maji inayopitisha meli kutoka baharini. Chombo chenye urefu wa zaidi ya mita 70 hakiwezi kubebwa kizima. Basi mwaka 1913 mafundi wa Papenburg waliijenga meli kwa kuifunga kwa boliti tu, wakaikagua, wakaifungua tena kipande kwa kipande na kuipakia katika makasha 5,000. Makasha yakasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapandishwa treni. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905, ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914, kilomita 1,250 hivi kutoka pwani. 

Meli yenyewe ilipewa jina la Gustav Adolf von Götzen, gavana aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905. Watu wa Kilwa, Liwale na Songea, walioona vyakula vyao vikiteketezwa kwa makusudi ili njaa imalize kilichoshindwa kumalizwa na bunduki, wasingelichagua jina hilo kwa chombo chochote.

Kigoma, Rüter na wenzake walitafuta mahali pa kuweka chelezo na kuanza kupanga mkuku, kisha mataruma, kisha mabamba. Fundi yeyote wa mageti pale Sombetini, Arusha, anayejua ukali wa mashine ya kuchomelea, angeshangaa kuona jinsi kazi ile ilivyofanywa. Hakuna kuchomelea. Mabamba yaliunganishwa kwa ribiti: kipande cha chuma kama msumari mnene wenye kichwa kimoja. Kinatiwa kwenye moto wa makaa mpaka kiwe chekundu, kinashikwa kwa koleo na kusukumwa kwenye tundu lililokwisha kulinganishwa katika mabamba mawili. Mmoja anakikandamiza kwa nyuma kwa kipande kizito cha chuma, mwingine mbele anagonga ncha mpaka itande na kuwa kichwa cha pili. Ribiti inapopoa inasinyaa, na kwa kusinyaa inayabana mabamba kuliko mkono wowote ungeweza. Ukikosea tundu, ribiti haikai. Ikikaa vibaya, maji yatapata njia, na meli nzima ina matundu maelfu kwa maelfu.

Kazi hiyo haikufanywa na Wajerumani watatu. Mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika ndio waliofukuta makaa, kubeba mabamba na kugonga kutwa nzima juani, lakini majina yaliyobaki kwenye vitabu ni matatu tu. Ni dosari ya kawaida ya historia ya ukoloni, na katika habari hii inauma zaidi kwa sababu ribiti hazina alama ya nani aligonga ipi.

Vita Vikuu vya Kwanza vililipuka Agosti 1914 wakiwa katikati ya kazi. Chombo kilichokusudiwa kubeba abiria na mizigo kikageuka silaha. Kilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, na kufikia Juni mwaka huo kilikuwa safarini. Wajerumani walikuwa tayari na boti ndogo za kivita ziwani, na Goetzen ikawa ndiyo bwana mkubwa wao: ilibeba askari na kufungiwa mzinga wa manowari Königsberg, ile iliyonasa na kuangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Mizinga ya Königsberg iliokolewa majini ikasambazwa koloni zima, mmoja ukaishia magharibi kabisa, mbali na chumvi yoyote.

Waingereza nao walijibu kwa mkasa ambao ungefaa kusimuliwa peke yake. Boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zililetwa kutoka Uingereza hadi Afrika Kusini, zikapita Kongo kwa treni, kwa kukokotwa na matrekta na maksai milimani, na kwa mito, mpaka zikafika upande wa pili wa ziwa. Kiongozi wa msafara huo, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa mtu wa vituko. Tarehe 26 Desemba 1915 aliiteka boti ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 akaizamisha Hedwig von Wissmann. Goetzen yenyewe alipoiona hakuisogelea. Kuna waliomlaumu kwa woga, lakini mtu mwenye boti ndogo mbele ya meli ya mita 70 yenye mzinga ana haki ya kufikiri mara mbili. Alichokuwa hajui ni kwamba baadaye Wajerumani waliung'oa mzinga ule kwa ajili ya vita vya nchi kavu na kuweka bandia pale pale.

Kilichoiondoa Goetzen vitani kilitoka nchi kavu: majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo yaliyoingia kwa miguu na kuifuata Reli ya Kati. Ndipo ikatolewa amri, na ndipo grisi.

Mwandishi C. S. Forester alichukua mkasa wa ziwa hili akaandika riwaya, The African Queen, iliyotoka mwaka 1935, na mwaka 1951 ikawa filamu maarufu. Meli ya Kijerumani ya kwenye filamu ilipewa jina Louisa. Wapenzi wa sinema waliishangilia ilipozama, wala hawakujua kwamba ndugu yake wa kweli alikuwa bado anabeba abiria na magunia ya dagaa.

Maana ilikwisha kuibuliwa. Wabelgiji walijaribu kwanza, na meli ikazama tena katika dhoruba pale Kigoma mwaka 1920. Baada ya Tanganyika kukabidhiwa kwa Waingereza, ikaibuliwa tarehe 16 Machi 1924. Mafundi wa jeshi la majini la Uingereza walipofungua mashine walikuta grisi ya Papenburg imefanya kazi yake: baada ya karibu miaka minane majini, injini na maboila yalikuwa bado yanafaa kutumika. Wangekuta vipande vilivyochanika kwa baruti, habari ingeishia hapo.

Meli ilitengenezwa na kuzinduliwa upya tarehe 16 Mei 1927 kwa jina Liemba, jina la zamani la upande wa kusini wa ziwa ambalo David Livingstone alilikuta kwa wenyeji akaliandika. Kubadili jina kulikuwa siasa pia, kwani Götzen hakuwa na rafiki katika serikali mpya. Lakini mwili ulibaki ule ule wa Rüter. Injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 zikawekwa za dizeli, na mwaka 1993 ikafanyiwa ukarabati mwingine kwa msaada wa Denmark. Hata hivyo, mtu aliyepitisha kiganja ubavuni bado alizikuta ribiti zile zile zilizogongwa Kigoma, safu kwa safu.

Kwa miongo mingi Liemba ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu nchini Zambia, ikibeba abiria hadi 600. Vijiji vingi vya ukingoni havikuwa na gati. Meli ilitia nanga mbali kidogo, ikapiga honi, na mitumbwi na maboti yakatoka ufukweni kuizunguka. Akina mama walipandishwa na watoto mgongoni, magunia ya dagaa na mananasi yalirushwa kutoka huku hadi kule, na aliyesita alijikuta ameachwa. Usiku taa ziliwashwa na kelele zilikuwa zile zile. Wageni waliyaita haya vurugu. Wenyeji walijua ni soko, stendi na posta vimekutana mahali pamoja.

Liemba pia imebeba watu wasiotaka kusafiri. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliitumia kuwarudisha kwao zaidi ya wakimbizi 75,000 wa Zaire. Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia vurugu nchini mwao walivuka mpaka na kurundikana Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na maji. Ilikuwa Liemba iliyopewa kazi ya kuwahamishia Kigoma, kundi baada ya kundi.

Na hapo ndipo kisa cha ziwa kinapoifikia Arusha. Chanzo cha vurugu zile za Burundi kilikuwa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, ambao wapinzani wake walisema unakiuka ukomo wa mihula miwili uliowekwa katika Mkataba wa Amani wa Arusha. Mkataba huo ulitiwa saini mjini humo tarehe 28 Agosti 2000, chini ya usuluhishi wa Nelson Mandela, aliyeipokea kazi hiyo baada ya Mwalimu Nyerere kufariki Oktoba 1999. Maneno yaliyobishaniwa Bujumbura yalikuwa yameandikwa kilomita chache kutoka Sombetini, na matokeo ya ubishi huo yalipandishwa kwenye meli iliyoundwa Papenburg.

Meyer nayo imepita kwenye maji mazito. Baada ya kujipatia jina kwa meli kubwa za watalii zenye maelfu ya vyumba, ilielemewa na madeni, na Septemba 2024 serikali kuu ya Ujerumani na ile ya jimbo la Lower Saxony zikanunua karibu asilimia 80 ya hisa zake ili isifungwe. Katika orodha ya meli za kiwanda hicho, Goetzen ni ya 300.