Kasoro za Kawaida katika Usanifu na Uchapaji wa Machapisho na Namna ya Kuzirekebisha

Tangazo la chanjo, fomu ya maombi ya leseni, kijitabu cha bajeti kwa lugha nyepesi na bango la usafi wa mazingira humfikia mwananchi vikiwa karatasi iliyochapwa. Tarehe ikikatwa ukingoni au namba ya simu ikififia, msomaji hana njia ya kujua kilichokusudiwa, na gharama ya kuchapa upya hulipwa kwa fedha za umma. Kasoro nyingi za namna hiyo huzaliwa kwenye kompyuta ya msanifu, kabla faili halijafika kwenye mashine.

Hali hiyo ina historia yake. Mwaka 1985 programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus, ikitumiwa pamoja na kompyuta ya Macintosh, printa ya LaserWriter na lugha ya PostScript, ilihamishia mezani kazi iliyokuwa ikifanywa kiwandani. Kabla ya hapo, mpanga herufi, msoma prufu, mtengeneza mabamba na mpigachapa walikuwa watu tofauti, na kila mmoja aliweza kuona kosa la aliyemtangulia. Leo afisa mmoja huandika, husanifu na kutuma kazi kiwandani. Ukaguzi uliokuwa ukifanywa na mikono kadhaa sasa hauna budi kupangwa kwa makusudi.

Kutambua hatua yenye kasoro

Kabla ya kubadilisha tona au kumwita fundi, ni vyema kujua kasoro imeanzia wapi. Hatua ya kwanza ni kuhifadhi kazi katika muundo wa PDF na kuitazama kwenye skrini ikiwa imekuzwa. Kasoro ikionekana humo, tatizo liko kwenye faili. Ikiwa PDF ni safi, ichapwe kwenye printa nyingine. Ikitoka vizuri huko, tatizo liko kwenye printa ya kwanza au mipangilio yake. Hatua ya mwisho ni kuchapa ukurasa wa majaribio ulio ndani ya printa yenyewe, ambao hautegemei kompyuta. Mistari au madoa yakionekana hata hapo, mashine ndiyo inayohitaji matengenezo.

Fonti na maneno ya Kiswahili

Faili likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti iliyotumika, programu huweka fonti nyingine badala yake. Upana wa herufi hubadilika, mistari husogea, na mstari wa mwisho unaweza kutoka nje ya kisanduku na kupotea. Dawa yake ni kutuma PDF ambayo fonti zote zimepachikwa ndani yake, jambo linaloweza kuthibitishwa kwenye sehemu ya sifa za faili. Viwanda vingi hupendelea PDF/X, muundo uliowekwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 15930 kwa ajili ya kazi za uchapaji. Ofisi zenye kumbukumbu za zamani zizingatie pia kwamba fonti za aina ya Type 1 hazitumiki tena katika matoleo mapya ya programu za usanifu za Adobe. Kazi iliyosanifiwa kwa fonti hizo ikifunguliwa leo inaweza kuonesha kuwa fonti hazipo.

Kiswahili kina mahitaji yake. Programu nyingi hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, ilhali silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu. Neno "kiwanda" hugawanyika ki-wa-nda, lakini programu inaweza kuacha "kiwan-" juu na "da" chini. Vivyo hivyo, sauti ng' katika "ng'ombe" na "kung'oa" haipaswi kutenganishwa baada ya alama yake. Msanifu achague lugha ya Kiswahili pale ambapo programu inayo. Isipokuwepo, azime ukataji wa maneno na urekebishaji wa tahajia unaojiendesha, kwa kuwa unaweza kugeuza neno sahihi la Kiswahili kuwa neno la Kiingereza linalofanana nalo.

Ukubwa wa karatasi na ukingo

Printa inapokataa kuchapa ikidai karatasi ilhali trei imejaa, mara nyingi faili limepangwa kwa ukubwa wa Letter unaotumika Marekani. Karatasi hiyo ina milimita 216 kwa 279, wakati A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukubwa ubadilishwe katika programu, kwenye mipangilio ya printa na kwenye trei. Sehemu moja ikisahaulika, tatizo hurudi. Fomu na ramani zenye vipimo zichapwe kwa asilimia 100, kwa kuwa amri ya kufanya ukurasa utoshe kwenye karatasi hubadilisha vipimo hivyo.

Kwa kazi ya kiwandani, rangi au picha inayofika mwisho wa karatasi huongezwa milimita 3 nje ya mstari wa kukatia kila upande. Ukurasa wa A4 hivyo huandaliwa kwa milimita 216 kwa 303. Bila nyongeza hiyo, kisu kikisogea kidogo tu huacha ukanda mweupe. Maandishi nayo yakae angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukatia, hasa tarehe, namba za simu na anwani, ambazo mara nyingi huwekwa chini kabisa ya ukurasa.

Kijitabu kinachobanwa pini katikati lazima kiwe na idadi ya kurasa inayogawanyika kwa 4, kwa kuwa kila karatasi inayokunjwa hutoa kurasa nne. Kazi yenye kurasa 18 italazimika kupunguzwa hadi 16 au kuongezwa hadi 20, na uamuzi huo ni nafuu zaidi ukifanywa kabla ya usanifu kukamilika.

Picha na nembo

Picha inayopendeza kwenye simu inaweza kutoka ikiwa na ukungu karatasini. Kipimo kinachozoeleka kwa vitabu na vipeperushi ni pikseli 300 kwa inchi. Picha yenye upana wa pikseli 1,200 itatoka vizuri kwa upana wa inchi 4, yaani takriban sentimita 10. Ili ijaze ukurasa mzima wa A4 inahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Kuongeza namba hizo ndani ya programu hakurudishi maelezo ambayo kamera haikuyanasa. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, hivyo mpigapicha azitume kama dokumenti au kwa barua pepe.

Nembo ya Taifa na nembo za taasisi zitumike kutoka kwenye faili asilia la mchoro wa vekta, ambalo hukuzwa kwa kiwango chochote bila kupoteza makali. Nembo iliyonakiliwa kutoka tovuti huonesha vipande vya pikseli, na iliyovutwa upande mmoja hupoteza uwiano wake.

Rangi

Skrini huunda rangi kwa nuru nyekundu, kijani na buluu, mfumo ujulikanao kama RGB. Mashine ya uchapaji hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK. Baadhi ya rangi angavu za skrini haziwezi kuundwa kwa wino huo, na ndiyo sababu kijani kinachong'aa hutoka kikiwa kimepoa. Buluu, ambayo ni miongoni mwa rangi za bendera ya Tanzania, hugeuka zambarau pale majenta inapokaribia kiwango cha samawati. Inashauriwa majenta iwe chini ya samawati kwa angalau alama 30 za asilimia.

Maandishi madogo meusi yatumie wino mweusi pekee. Yakiundwa kwa rangi nne, mabamba yakipishana hata kidogo herufi huonekana na kivuli cha rangi. Jumla ya wino mahali pamoja nayo ina kikomo, kwa kawaida karibu asilimia 300 kwa karatasi laini iliyopakwa na karibu asilimia 240 kwa karatasi ya gazeti. Ikizidi hapo, wino huchelewa kukauka na kuchafua karatasi inayofuata.

Printa ya ofisini

Doa linalojirudia kwa umbali ulio sawa hutokana na kifaa kinachozunguka. Umbali huo hulingana na mzingo wake, hivyo drumu yenye kipenyo cha milimita 30 huacha doa kila baada ya milimita 94 hivi. Mstari mwembamba wa wima huashiria mkwaruzo kwenye drumu au uchafu kwenye njia ya nuru. Tona inayofutika kwa kidole haikupata joto la kutosha. Aina ya karatasi iliyochaguliwa katika mipangilio ilingane na iliyo kwenye trei, kwa kuwa karatasi nzito huhitaji joto zaidi.

Hali ya hewa huchangia. Katika miji ya Pwani na Zanzibar karatasi hunyonya unyevu, hujikunja na kukwama. Katika maeneo makavu kama Dodoma, karatasi hushikana kwa umeme tuli na vumbi huziba rola. Rimu ibaki kwenye kifungashio chake hadi wakati wa kutumika. Printa ya wino wa maji izimwe kwa kitufe chake ili vichwa vya wino vifunikwe; ikizimwa ukutani au umeme ukikatika, wino unaweza kukaukia humo.

Prufu kabla ya oda

Kabla ya kuidhinisha nakala nyingi, ichapwe nakala moja kamili, ikatwe na kukunjwa kama itakavyomfikia msomaji. Ikaguliwe na mtu ambaye hakuisanifu, akilinganisha majina, tarehe, viwango vya ada na namba za simu na waraka ulioidhinishwa. Kila namba ya simu ipigwe. Prufu hiyo isainiwe na kuhifadhiwa. Mabadiliko yoyote baada ya saini, hata ya nukta moja, yahitaji prufu mpya, kwa kuwa sahihisho la dakika ya mwisho linaweza kusogeza mstari ambao tayari ulikuwa umekaguliwa.