Simu Iliyopigwa Juu ya Mawingu

Mara ya kwanza kumsikia mtu akiongea na simu ndani ya ndege iliyo angani, mtu huyo alikuwa akiuliza habari za mabati. Ilikuwa mwaka wa 2012, natoka Dubai kurudi Nairobi, na tulikuwa tumeshamaliza kula. Mzee mmoja aliyeketi ng'ambo ya njia alitoa simu mfukoni, akabonyeza, akaiweka sikioni kama aliye nje ya duka lake. "Fundi amekuja? Hesabu mabati kabla hajaanza kupigilia. Hesabu mwenyewe, usimwachie." Nilishtuka, nikamtazama mhudumu. Mhudumu alipita na toroli lake kama hakusikia kitu.

Mimi, kama Wakenya wengi wa rika langu, nilijua jambo moja tu kuhusu simu na ndege: ukiwasha, mtaanguka. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini. Na siku hiyo nilikuwa na sababu yangu ya kuyatega masikio. Baba alikuwa amelazwa Mombasa, siku ya tatu, na simu yangu ilikuwa imezimwa ndani ya mkoba. Saa tano hivi za safari, na mimi sijui lolote.

Nilipofika nyumbani na mambo yakatulia, nilianza kusoma. Kumbe marufuku yenyewe ni ya zamani kuliko simu ya mkononi. Chanzo chake ni redio. Katika miaka ya 1950 na 1960 abiria walianza kupanda ndege na redio ndogo za kubeba mkononi. Sasa, redio ya FM si kwamba inapokea tu. Ili ikamate kituo, ndani yake huzalisha mawimbi yake madogo, megahezi 10.7 juu ya kituo unachosikiliza. Ukisikiliza kituo cha 100, redio yako inavujisha 110.7. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa, maana masafa ya 108 hadi 118 ndiyo yanayotumiwa na mitambo ya ardhini inayomwonyesha rubani njia. Mtu anasikiliza muziki wake taratibu huko nyuma, na mshale wa rubani huenda ukayumba huko mbele. Mwaka wa 1966 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikapiga marufuku vifaa vya umeme vya abiria, ila vichache: vinasa sauti, visaidizi vya kusikia, vya kurekebisha mapigo ya moyo, na mashine za kunyolea ndevu. Hizo za ndevu zilinichekesha. Mtu anaweza kukatazwa muziki, lakini lazima ashuke amenyoa.

Ya simu ya mkononi ilikuja baadaye, na hili ndilo lililonishangaza zaidi: aliyeipiga marufuku hakuwa mtu wa ndege. Ni tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, mwaka wa 1991, na iliyokuwa ikilindwa ni minara iliyo chini. Simu ukiwa barabarani inaona minara michache, kwa sababu majumba na vilima vinaziba. Ipandishe kilomita kumi juu na inaona minara ya mkoa mzima kwa pamoja, inaita kwa nguvu zake zote, na inapita kwa kasi ambayo mtandao haukuundwa kuifuata. Hofu ilikuwa kwamba abiria mia wakiita hivyo, watu wa chini watakosa laini. Hofu ya vyombo vya rubani ilikuwapo pia, wala haikuwa porojo. Anayekumbuka simu za zamani zikikaa karibu na redio, ule mlio wa tititi-tititi kabla simu haijaita, anajua mawimbi hayo huingia pasipoitwa. Lakini ile hadithi ya ndege kuanguka tuliiongezea chumvi sisi wenyewe.

Na wakati huo wote, watu walikuwa wakipiga simu angani kihalali. Mwaka wa 1984 John Goeken, mwanzilishi wa kampuni ya MCI, alianzisha huduma ya Airfone katika ndege za Marekani. Unaingiza kadi yako ya benki ukutani, mkono wa simu unafunguka, unakwenda nao kitini. Ilikuwa na minara yake na masafa yake, kwa hiyo haikumsumbua mtu. Bei ndiyo iliyosumbua: dola 7.50 kwa dakika tatu za kwanza. Baadaye simu hizo zikawekwa nyuma ya viti, na abiria wengi walizitazama tu kama mapambo.

Mpaka tarehe 11 Septemba 2001. Katika ndege ya United 93, iliyotoka Newark kwenda San Francisco ikatekwa, watu 13 walipiga simu 37. Kati ya hizo, 35 zilipigwa kwa Airfone na mbili tu kwa simu za mkononi. Todd Beamer aliongea kwa zaidi ya dakika kumi na Lisa Jefferson, msimamizi wa zamu wa kampuni ya simu, mtu asiyemjua kabisa. Mhudumu CeeCee Lyles alimkosa mumewe akamwachia ujumbe kwenye mashine. Ni kwa simu hizo abiria walijua kwamba ndege nyingine zimegonga majengo New York, na kwamba hii yao haiendi kutua. Wakakubaliana kumvamia mtekaji aliyeishika. Ilianguka shambani karibu na Shanksville, Pennsylvania, hakuna aliyepona, lakini haikufika ilikokuwa ikipelekwa.

Nimelisoma tukio hilo mara nyingi kuliko inavyofaa. Nikijaribu kupima kama ni heri kujua au kutojua ukiwa juu, hapo ndipo ninapokwama. Wale walijua, wakatenda. Lakini walikuwa na la kutenda. Mimi katika kiti changu ningefanya nini?

Airfone ilifungwa mwisho wa mwaka wa 2006, kwa kukosa wateja. Kila mtu alikuwa na simu yake mfukoni, ila imezimwa. Wahandisi walikuwa wameshapata njia: weka mnara mdogo ndani ya ndege yenyewe. Simu inauona uko hatua chache tu, hivyo inanong'ona badala ya kupiga kelele. Mtambo mwingine unaizuia isitafute minara ya chini. Na mazungumzo yanapelekwa kwa setilaiti. Tarehe 20 Machi 2008, Emirates iliruhusu simu za mkononi kwa mara ya kwanza katika safari ya kawaida, Dubai kwenda Casablanca, kwa mtambo wa AeroMobile. Mwezi uliofuata Tume ya Ulaya ikaweka kanuni za kuruhusu huduma hiyo juu ya mita 3,000. Hapo ndipo mzee wa mabati alipopatia ruhusa yake. Ghuba ilitangulia, na mtu akiitazama abiria wa ndege za Dubai, ataelewa: vibarua, wafanyabiashara, mayaya, watu ambao familia ziko upande mmoja na riziki upande wa pili.

Marekani nayo ilikwenda kinyume. FCC ilipendekeza kuondoa marufuku yake mwaka wa 2004, maelfu ya watu wakaandika kupinga, ikaliacha mwaka wa 2007. Ikarudi tena mwaka wa 2013 chini ya Tom Wheeler, kura tatu kwa mbili, na pendekezo likazikwa rasmi mwaka wa 2020. Katikati, mwaka wa 2018, Bunge lao likapitisha sheria ya kukataza mazungumzo ya simu katika ndege za abiria. Sababu safari hii haikuwa minara wala mshale wa rubani. Ilikuwa jirani. Watu hawakutaka kufungiwa saa sita kando ya mtu anayegombana na mkewe, na wahudumu hawakutaka kuamua ugomvi. Hata British Airways, ilipoanzisha safari yake ndogo ya kutoka London City kwenda New York mwaka wa 2009, iliweka mtambo ikaruhusu ujumbe na intaneti, lakini sauti ikaifunga.

Naelewa. Nimepanda matatu za Mombasa Road na watu wanaohubiriana kwa simu. Lakini naona pia kwamba aliyepiga kura ya kunyamazisha ni mtu ambaye kimya hakimgharimu kitu.

Basi, mzee alipomaliza na mabati, aliniona namtazama. Akauliza kama nami nina mtu wa kumpigia. Nikamwambia laini yangu ni ya kredo, haifanyi kazi huko, na baba ni mgonjwa. Hakuuliza la pili. "Kijana, chukua. Mpigie." Nikasema ni ghali, mzee wangu. Akanisukumia simu mkononi.

Nilimpigia dada yangu mkubwa, namba niliyoijua kwa moyo. Akapokea kwa sauti ya mtu asiyeitambua namba. Nikasema, "Dada, ni mimi. Baba anaendeleaje?"

Setilaiti hizo ziko karibu kilomita 36,000 juu. Neno likipanda na kushuka, na jibu likipanda na kushuka, linakula kama nusu sekunde; ndiyo maana mzee alikuwa akigongana maneno na mtu wake. Nami nilijiambia hivyo wakati ule, kwamba ni mtambo. Nikahesabu. Nusu sekunde ilipita, ikapita nyingine, na nyingine. Nyuma yake nilisikia watu wengi, na kiti cha plastiki kikiburutwa sakafuni.

"Wewe uko wapi?" akauliza.

"Niko juu. Kwenye ndege."

"Haya. Wewe njoo tu, mdogo wangu. Fika salama."

Kwetu habari ile haisemwi kwa simu. Zamani ilitangazwa redioni baada ya taarifa, au aliletewa mtu na mjumbe ambaye kwanza aliomba maji ya kunywa. Ukiambiwa njoo tu, umeambiwa. Nilimrudishia mzee simu yake, nikatia mkono mfukoni kutafuta pesa, akaushika mkono wangu akaurudisha. Alizima simu. Hakumpigia tena fundi wake. Tulikaa hivyo mpaka Nairobi, zaidi ya saa mbili, na hakuna kati yetu aliyesema neno.