Jina la Hospitali na Mto wa Kuvuka: Kuchagua Mahali pa Kusomea Ubingwa wa Tiba

Daktari kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Kisangani, akatumikia mwaka mmoja au miwili vijijini, huko Isangi au Opala, siku moja hufika njia panda. Akitaka ubingwa wa upasuaji au wa uzazi, aende Kinshasa, kwenye kliniki za chuo kilichorithi Chuo Kikuu cha Lovanium cha mwaka 1954? Au abaki Kisangani, ambako chuo kilianza mwaka 1963 na kupata jina lake la sasa mwaka 1981? Wakubwa zake kazini humwambia afuate jina. Nadhani ushauri huo unatanguliza jambo la pili.

Jina lisibezwe. Palipo na jina huwa na maprofesa wengi, maabara kamili na shahada inayotambulika mbali. Lakini sifa ni ya hospitali nzima, na aghalabu ni ya jana; mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Atakayemfundisha asistanti, yaani daktari anayesomea ubingwa, kushika kisu ni mtu mmoja au wawili wa idara moja. Je, wapo leo, na huingia chumba cha upasuaji? Pale ambapo maasistanti ni wengi, mwaka wa kwanza unaweza kuisha akishikilia tu vyuma vya kupanulia jeraha huku wenzake wa mbele wakikata na kushona.

Mahali nako kunafundisha. Kati ya wilaya sita za Kisangani, Lubunga peke yake iko ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, na daraja hakuna. Mama aliyekwama na uchungu huko usiku, akihitaji damu isiyopatikana upande ule, hutafutiwa mtumbwi kwanza, kisha pikipiki au toleka, yaani baiskeli ya kubebea abiria. Asistanti anayempokea hujifunza kuuliza saa aliyotoka nyumbani kabla ya kuuliza umri wake, na kuamua apasue au asubiri akiwa na chupa moja tu ya damu. Nyuma ya mji kuna jimbo la karibu kilomita za mraba 200,000, mara saba ya Burundi, lenye selimundu, malaria kali na mpox. Ndiko pia, huko Banalia, mlipuko wa homa ya uti wa mgongo ulikotangazwa mnamo Septemba 2021.

Mfano wa daktari Denis Mukwege unasaidia, ingawa una pande mbili. Alikusudia kuwa daktari wa watoto. Alipofanya kazi Lemera, Kivu Kusini, akaona jinsi wanawake walivyokuwa wakifa kwa uzazi, akabadili nia. Ubingwa aliusomea Angers, mji wa wastani nchini Ufaransa, kisha akarudi Lemera. Hospitali hiyo iliposhambuliwa mwaka 1996, alikwenda kuanzisha Panzi, Bukavu, mwaka 1999. Tuzo ya Nobel ikaja 2018. Mpinzani atasema: basi, alijifunza ugenini. Kweli, lakini alikwenda akijua anatafuta nini, na aliyemwonyesha ni Lemera. Panzi haikuwa na jina alipoianza. Jina lilifuata kazi.

Hata hivyo, mahali pasipo na mwalimu ni mateso tu, kwa asistanti na kwa mgonjwa. Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha, kijana aulize maswali matatu. Kufikia mwisho wa mwaka wa pili, asistanti huwa amepasua wangapi kwa mkono wake? Msimamizi hukaa mjini siku ngapi kwa mwezi? Wahitimu wa miaka mitano iliyopita wako wapi? Kisangani ikishindwa swali la pili, aende Kinshasa au Lubumbashi bila aibu. Ikifaulu, abaki, na yale yanayokosekana ayafuate Kinshasa kwa miezi kadhaa.

Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unahimiza mafunzo yasogezwe karibu na vijiji, ili waliofunzwa huko wabaki huko. Sababu yake si fumbo. Kutoka Kinshasa hadi Kisangani kwa mto ni zaidi ya kilomita 1,700, na katika miaka minne au mitano ya ubingwa watoto huanza shule, mwenzi hupata kazi, kiwanja hununuliwa. Programu ambayo wahitimu wake wote wako Gombe, katikati ya Kinshasa, imeandaa madaktari wa Gombe, na Opala bado inasubiri.