Hukwe Zawose: Kutoka Doduma hadi kwenye jukwaa la Peter Gabriel

Ukitaja muziki wa Wagogo nje ya Tanzania, jina la kwanza utakalosikia ni Hukwe Zawose. Hapa nyumbani, vijana wengi wa rika langu hawamjui kabisa.

Mzee Zawose alizaliwa kijiji cha Doduma, mkoani Dodoma. Alipiga ilimba, zeze, filimbi na ngoma, huku njuga zikilia miguuni. Na bado hujafika kwenye sauti yake, maana alikuwa anapanda juu kabisa kisha anashuka hadi kwenye mkoromo ndani ya wimbo mmoja.

Ilimba ndiyo iliyombeba zaidi. Ni boksi la mbao lenye vyuma bapa vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Vyuma vingine havibonyezwi kabisa, vipo ili vitetemeke vyenyewe wenzao wakilia. Kwenye tundu la boksi hubandikwa utando wa buibui, na ndio unaoleta ule mvumo. Zawose alitumia ilimba kubwa zenye vyuma vingi, pia mazeze yenye nyuzi nyingi kuliko yale ya kijijini.

Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye alihamia Bagamoyo, akafundisha kwenye Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa.

Kupitia lebo ya Real World ya Peter Gabriel alitoa albamu ya Chibite mwaka 1996, kisha Assembly mwaka 2002 akiwa na Michael Brook, ambapo ilimba inakutana na gitaa la umeme. Mwaka huohuo, yeye na mpwa wake Charles walifungua matamasha ya Gabriel huko Marekani. Alifariki Bagamoyo Desemba 2003. Charles naye akafuata mwaka 2004.

Wengi walidhani ndiyo basi tena. Kwa mila za Wagogo wanawake wanapiga ngoma ya muheme, ila ilimba na zeze viliachwa kwa wanaume, kwa hiyo kwa miaka mingi binti yake Pendo aliishia kuitikia nyuma.

Sasa Pendo na mjukuu wa mzee, Leah, wanaitwa The Zawose Queens. Albamu yao Maisha ilitoka 2024 kwenye lebo ileile ya Real World, na humo ilimba wanapiga wenyewe.