Neno na Orodha: Kimvita baada ya 1928

Yafaa ikumbukwe kwamba mkutano wa 1928 uliokichagua Kiunguja, badala ya Kimvita, kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu ulifanyika Mombasa kwenyewe. Mwaka 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha, na miswada ya vitabu vya shule ikawa inapimwa kwa usanifu huo. Mtoto wa Bondeni akaikuta orodha imekwisha fungwa: macho na njia yamo, mato na ndia, maneno ya kwao, hayamo.

Upimaji kama huu umo katika XSLT, lugha ya kompyuta ya kugeuzia matini iliyotolewa 1999. Humo jina likishapewa thamani halibadilishiwi. Huulizwa tu kama neno limo orodhani. Lakini ukanushi una mtego. Kuuliza kama neno ni tofauti na mojawapo la orodha si kuuliza kama halimo, maana hata macho ni tofauti na njia! Sharti swali zima la “limo” ndilo likanushwe.

Na jibu la “halimo” halisemi “ni kosa”. Hatua hiyo huongezwa na msomaji, nayo, kwa maoni yetu, ndiyo iliyokidhulumu Kimvita, lahaja aliyoitungia Muyaka bin Haji.