Ferguson: mpaka uliochorwa 1937

Wengi wetu jina la Ferguson, Missouri, tulilisikia Agosti 2014, polisi alipompiga risasi Michael Brown. Nilipoanza kusoma habari za mji ule, kilichonishika zaidi ni shule zake.

Marekani shule za umma haziendeshwi na wizara kama kwetu. Kila eneo lina mamlaka yake ya shule, yenye bodi ya kuchaguliwa, na sehemu kubwa ya fedha inatoka kwenye kodi ya nyumba za eneo hilohilo. Ukichora mpaka, umeshagawa na pesa.

Ndicho kilichofanyika pembezoni mwa St. Louis. Mwaka 1937 wazungu waliokuwa chini ya mamlaka moja na watu weusi wa Kinloch walijitenga, wakaanzisha mji wao wa Berkeley na shule zao. Kinloch ikabaki na kodi kiduchu. Ilipita miaka 38 ndipo mahakama, mwaka 1975, ikaamuru Kinloch na Berkeley ziunganishwe na Ferguson-Florissant.

Ungedhani yamekwisha. Wapi! Mwaka 2014 zaidi ya robo tatu ya wanafunzi walikuwa weusi, lakini kati ya wajumbe 7 wa bodi, mweusi alikuwa mmoja tu. NAACP ikaenda mahakamani, na mwaka 2016 jaji akasema uchaguzi wa bodi ile ulikuwa unavunja sheria ya haki ya kupiga kura.

Kwa hiyo jamani, tukikuta shule mbovu tusikimbilie kulaumu walimu na watoto. Tuulize kwanza mpaka ulichorwa na nani.